Dawa za Baridi Yabisi na Madhara Yake: Lipi la Kustahamili, Lipi la Kumwambia Daktari, na Lipi la Kukimbilia Hospitali

Himdi Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Mola wa walimwengu, na Rahma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake. Ammaa ba'd:

Tupige mfano wa jambo linalozikuta nyumba nyingi za visiwani. Mama wa Kipemba amekwenda bara kukaa na mwanawe mwenye duka la nguo Binza, mkoani Simiyu. Kwa muda mrefu vidole vyake vimekuwa vikivimba, na asubuhi hushindwa kufunga vishikizo mpaka jua lipande. Amepimwa, akaambiwa ana baridi yabisi, akapewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Wiki ya tatu akaanza kusikia kichefuchefu. Mdomo ukatoka vidonda, na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Jirani akamwambia: "Dawa hizi ni za saratani, zitakumaliza." Dada yake akapiga simu kutoka Wete, akamwambia habbat sawdaa yatosha. Mama ni mtu wa staha, hapendi kumtia mwanawe gharama za safari ya hospitali. Akawa anaviweka vidonge chini ya godoro na kusema ameshameza. Mwaka haujaisha, vidole vimepinda na kushika kijiko kumekuwa taabu.

Katika mfano huu hakuna aliyekusudia ubaya. Jirani alikuwa na khofu, dada alikuwa na huruma, mama alikuwa na haya. Kosa lilikuwa moja tu, nalo ni kuacha dawa kimya kimya. Lau angesema, mengi katika yaliyompata yangetengenezwa kwa kidonge kingine cha bei ndogo, au kwa kubadilisha saa ya kumeza. Makala hii imeandikwa ili mgonjwa na jamaa zake wajue jambo gani linastahamiliwa, jambo gani linaambiwa daktari, jambo gani halingoji hata usiku mmoja, na sheria yetu inasema nini katika hayo. Haichukui nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa.

BARIDI YABISI NI MARADHI GANI

Jina lenyewe linapoteza. Wengi hudhani maradhi haya huletwa na baridi, upepo wa bahari au kuoga maji ya asubuhi. Sivyo. Ndani ya mwili mna kinga Aliyoiumba Allaah ili ipambane na vijidudu. Katika baridi yabisi ya aina hii, ambayo madaktari huiita rumatoidi, kinga hiyo hukosea na kushambulia ngozi laini inayozunguka viungo. Kiungo huvimba, hupata joto, na pasipo tiba mfupa na gegedu huanza kuliwa.

Alama zake zinajulikana. Huanza zaidi kwenye viungo vidogo vya vidole, viganja na miguu, na kwa kawaida hushika pande zote mbili. Asubuhi viungo hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, pengine saa nzima na zaidi. Mgonjwa huchoka bila ya kazi. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na si maradhi ya wazee peke yao, kwani msichana au mama mwenye watoto wadogo naye hupata. Si jongo, ambalo aghalabu hushika kidole gumba cha mguu kwa ghafla. Wala si uzee wa magoti tu.

Hayana dawa ya kuyaondosha moja kwa moja, lakini yana dawa za kuyatuliza mpaka mtu akaishi maisha yake ya kawaida. Kiungo kilichokwisha kuliwa hakirudi kama kilivyokuwa, na uharibifu unaweza kuanza katika miaka 2 ya mwanzo. Kwa hiyo kila mwezi wa kuchelewa una hasara yake.

KWA NINI WATU HUACHA DAWA

Jambo hili likifahamika, nusu ya tatizo imekwisha. Dawa kuu za baridi yabisi, madhara yake hutangulia na manufaa yake huchelewa. Kichefuchefu huweza kuja siku ile ile uliyomeza, na nafuu ya viungo huchukua wiki 6 hadi 12 kuonekana. Mgonjwa asiyeambiwa hili anaona dawa inamtesa bila ya faida, anaiacha wiki ya tano, na hivyo amechukua taabu yake yote pasipo kusubiri matunda yake.

Dawa za maumivu ni kinyume chake. Nafuu huja baada ya nusu saa, na madhara yake huja baadaye, pengine baada ya miezi, katika tumbo na figo. Ndiyo maana watu huzipenda dawa za maumivu na kuzikhofu dawa za maradhi yenyewe, hali ya kuwa dawa za maumivu hazizuii kiungo kuharibika.

METHOTREKSETI: KIDONGE CHA WIKI

Hii ndiyo dawa inayoanzwa zaidi duniani kwa baridi yabisi. Kwenye pakiti utasoma Methotrexate. Ni kweli kwamba kwa dozi kubwa hutumika kutibu saratani. Kwa baridi yabisi dozi yake ni ndogo sana, na kazi yake ni kutuliza kinga iliyokosea. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa maradhi haya mwaka 1988, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Humezwa MARA MOJA KWA WIKI, wala si kila siku. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewaua watu katika nchi mbalimbali, kwa sababu uboho wa mifupa husimama kutengeneza damu. Siku zetu za wiki zina hatari yake hapa: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zote zinaanza na neno moja, na mwandiko wa haraka unaweza kuzichanganya. Ukiweza, mwombe daktari akuchagulie Alkhamisi au Ijumaa. Andika siku hiyo kwa herufi kubwa juu ya pakiti, na mtu mmoja wa nyumbani aijue. Angalia pia nguvu ya kidonge kila unapochukua pakiti mpya, kwani vipo vya miligramu 2.5 na vipo vya miligramu 10.

Madhara yake ya kawaida na namna ya kukabiliana nayo:

- Kichefuchefu. Meza baada ya chakula cha usiku, karibu na kulala, ili wakati mzito ukupite ukiwa usingizini. Ikiendelea, mwambie daktari. Anaweza kupunguza dozi, au kukubadilishia sindano ya chini ya ngozi ambayo wengi huivumilia zaidi.

- Vidonda vya mdomoni. Mara nyingi ni alama kuwa vitamini iitwayo asidi ya foliki imepungua. Mgonjwa wa methotrekseti hupewa vidonge vya asidi ya foliki avimeze siku nyingine, si siku ya methotrekseti. Kama hukupewa, uliza. Sukutua kwa maji ya chumvi. Vidonda vikiwa vingi hata huwezi kula, usimeze dozi ya wiki inayofuata kabla ya kuzungumza na daktari.

- Nywele kupungua. Kwa dozi hizi ndogo huwa ni kupungua, si kumalizika, na hurudi dawa ikipunguzwa au ikisimamishwa.

- Uchovu wa siku inayofuata. Panga kazi nzito siku nyingine.

Yako madhara yasiyoonekana kwa jicho, katika ini na katika chembe za damu. Haya hujulikana kwa kupima damu tu. Mwanzoni hupimwa kila wiki 2 hadi 4, na hali ikitulia kila miezi 2 au 3. Mtu akikwambia "ukijisikia vizuri hakuna haja ya kupima," usimsikilize, kwa sababu ini halipigi kelele mapema.

Jambo jengine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba methotrekseti haikutani na Septrini. Zote mbili zinapunguza foliki mwilini, na zikikutana damu huweza kushuka kwa kasi na kwa hatari. Septrini inauzwa katika kila duka la dawa, na hupewa watu kwa kikohozi na kwa mkojo unaochoma. Kila unapokwenda kununua dawa, sema kwanza: "Mimi natumia methotrekseti."

Ukisahau dozi, unaweza kuimeza ndani ya siku 2. Zikipita, ngoja siku yako ya wiki ijayo, wala usimeze dozi mbili kwa pamoja. Ukipatwa na kuharisha au kutapika kukali, maji ya mwili hupungua na dawa hujikusanya mwilini. Simamisha na umpigie daktari.

HAIDROKSIKLOROKWINI NA SALFASALAZINI

Wenye umri watakumbuka klorokwini ya malaria na mwasho wake uliomfanya mtu ajikune usiku kucha. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 kwa sababu malaria ilikwisha kuizoea. Haidroksiklorokwini ni ndugu yake, na kwa baridi yabisi hutumika kwa sababu inatuliza kinga. Baadhi ya watu huwashwa nayo, na wengine tumbo huchafuka, hivyo imezwe pamoja na chakula. Ikitumika miaka mingi huweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho. Madhara hayo ni machache katika miaka 5 ya mwanzo kwa dozi inayolingana na uzito wa mtu. Kwa hiyo pimwa macho mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, na mapema zaidi kama una maradhi ya figo.

Salfasalazini huweza kuugeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa. Hilo si damu wala si najisi mpya, ni rangi ya dawa tu. Huleta kichefuchefu mwanzoni, ndiyo maana huanzwa kidogo kidogo. Asiyepatana na dawa za salfa aseme kabla ya kuianza. Kwa wanaume huweza kupunguza mbegu za uzazi kwa muda, nazo hurudi dawa ikiachwa. Mume anayetafuta mtoto ni vyema alijue hili asije akamlaumu mkewe.

PREDNISOLONI NA DAWA ZA MAUMIVU

Mwezi Septemba mwaka 1948, daktari Philip Hench wa Kliniki ya Mayo, Marekani, alimpa kotizoni mgonjwa wa baridi yabisi ambaye alikuwa hawezi kutembea sawasawa. Baada ya siku chache tu mgonjwa yule akaweza kutembea. Ulimwengu ulistaajabu, na mwaka 1950 Hench na wenziwe wawili, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini watu walipoendelea kuitumia kwa dozi kubwa, uso ukavimba, mifupa ikalegea, sukari na presha zikapanda, na vidonda vikawa haviponi. Prednisoloni ni ya ukoo huo huo. Ni dawa yenye manufaa makubwa ikitumika kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, wakati dawa za taratibu bado hazijashika.

Aliyeimeza kwa wiki kadhaa asiiache ghafla. Mwili huwa umeacha kutengeneza ya kwake, na kuikata siku moja huweza kuangusha presha na kumpoteza mtu fahamu. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo.

Diklofenaki na ibuprofeni zimezwe baada ya kula, kwa siku chache kadiri inavyowezekana. Usichanganye mbili za aina moja kwa kudhani nguvu itaongezeka. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, maradhi ya figo au ya moyo asizinunue mwenyewe dukani.

Na hapa pana tahadhari kubwa. Hujitokeza watu wanaouza unga au vidonge visivyo na jina kwa kudai kuwa ni mitishamba mitupu, na maumivu huondoka siku ya pili. Katika nchi nyingi dawa za namna hii zimepimwa na kukutwa zimechanganywa prednisoloni au diklofenaki kwa siri. Dawa ya maumivu ya miaka mingi inayoponya usiku mmoja inatiliwa shaka. Imepokewa katika Sunan Abi Daawuwd na Sunan an-Nasaaiy Hadiyth ambayo maana yake ni kuwa mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo anabeba dhamana ya alichokiharibu.

NGAZI TATU ZA KUPIMA MADHARA

Bandika haya ukutani, pahali ambapo jamaa wote watayaona.

Ngazi ya kwanza, la kustahamili na kulitaja siku ya kliniki: kichefuchefu chepesi, uchovu wa siku moja, nywele chache kwenye kitana, hamu ya kula kuongezeka, mkojo wa rangi ya chungwa.

Ngazi ya pili, la kupiga simu siku hiyo hiyo au kesho yake: vidonda vingi vya mdomoni, kutapika kila unapomeza, upele mpya, miguu kuvimba, tumbo kuchoma kila siku, kukaa karibu na mwenye tetekuwanga au kutokewa na mkanda wa jeshi, na mwanamke kujigundua ana mimba.

Ngazi ya tatu, la kwenda hospitali sasa hivi, usiku au mchana: homa ya nyuzi 38 na zaidi, kikohozi kikavu pamoja na pumzi kukatika, macho kuwa ya manjano, damu kutoka kwenye ufizi au michubuko isiyo na sababu, choo cheusi kama lami au kutapika damu, ngozi kubabuka, uso na koo kuvimba, mkojo kukatika, macho kuona kiza kwa ghafla.

Kuhusu homa tuongeze neno. Bara, watu husema "ni malaria tu," wakanunua dawa. Mtu anayetumia dawa za kutuliza kinga akipata homa, apimwe malaria na apimwe na mengine pia, kwa sababu vijidudu vinaweza kumshinda haraka. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku na kukonda kupimwe kifua kikuu. Kabla ya kuanza dawa, na hasa zile za sindano za kisasa, ni haki yako kuuliza kama umepimwa kifua kikuu na homa ya ini.

Ukiwa katika ngazi ya pili au ya tatu, usiikate dawa ukabaki nyumbani. Mwambie anayekutibu, naye ataamua kama isimamishwe, ipunguzwe au ibadilishwe. Dawa za baridi yabisi si moja, na kuishindwa moja si kushindwa tiba.

MGONJWA ANAYEISHI MBALI

Aliye Binza au kijiji chochote cha Simiyu ana zahanati au kituo cha afya karibu, hospitali ya mkoa ipo Bariadi, na hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Safari ya Mwanza ni ya siku na ina gharama. Si lazima kila kipimo kifuatwe huko. Mwombe daktari bingwa akuandikie ratiba ya vipimo vya damu, upime katika hospitali ya karibu yenye maabara, na majibu yatumwe kwa simu. Aliye Unguja na Pemba afanye vivyo hivyo kati ya hospitali ya karibu naye na Mnazi Mmoja.

Weka daftari dogo. Andika tarehe uliyomeza, ulichohisi, kilianza lini na kiliondoka lini, na dawa nyengine zote pamoja na za asili. Daktari mwenye wagonjwa wengi mlangoni huamua vizuri zaidi kwa daftari la dakika 2 kuliko kwa kumbukumbu za miezi 3.

Madhara makubwa ya dawa yaripotiwe pia. Kwa Bara mwenye dhamana ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kwa Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA). Mwombe mhudumu wa afya akujazie taarifa. Taarifa yako huenda ikamnusuru Muislamu mwenzio usiyemjua.

HUKUMU ZA SHERIA ZINAZOHUSIANA NA MGONJWA HUYU

Kwanza: Kujitibu. Katika Hadiyth ya Usaamah bin Shariyk iliyopokewa na Abu Daawuwd na at-Tirmidhiy, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliwaamuru waja wa Allaah wajitibu, akabainisha kuwa kila maradhi yameteremshiwa tiba isipokuwa uzee. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 7 Jeddah mwaka 1992, azimio namba 67, limeeleza kuwa asili ya kujitibu ni jambo la sheria, na kwamba huwa wajibu iwapo kuacha kutapelekea kufa, kupotea kiungo au kulemaa. Mwenye kutafakari atauona uzito wa hili kwa mwenye baridi yabisi, kwa sababu maradhi yake asipoyatibu mwisho wake aghalabu ni kulemaa. Basi kuacha dawa kwa khofu tu, bila ya kuuliza, si tawakkul. Tawakkul ni kuchukua sababu na moyo ukategemea kwa Allaah.

Pili: Habbat sawdaa, asali na Ruqyah. Haya yana asili katika Sunnah, na hatumkatazi mtu. Lakini yasimfanye aache dawa aliyoandikiwa, wala asimfiche daktari anachokitumia.

Tatu: Swawm. Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Amempa mgonjwa rukhsa katika Suwrat al-Baqarah, Aayah ya 184 na ya 185, na Akabainisha humo kuwa Anawatakia waja Wake wepesi. Kidonge cha wiki humezwa usiku, basi hakina tatizo na Swawm. Dawa za mara 2 kwa siku, daktari akikubali, humezwa futari na daku. Sindano za chini ya ngozi, za msuli na za mshipa hazifunguzi isipokuwa zile za lishe, na kupaka marhamu hakufunguzi, kama lilivyoazimia Baraza hilo hilo mwaka 1997 katika azimio namba 93. Kutoa damu kidogo ya kupima pia hakufunguzi. Lakini mwenye kutumia diklofenaki au aliyepungukiwa na maji ajue kuwa kiu ya mchana kutwa pamoja na dawa hiyo inaweza kuziumiza figo. Daktari mwaminifu akimwambia asifunge, afuturu na alipe siku nyengine. Akiwa hatarajiwi kuweza tena, atalisha maskini mmoja kwa kila siku. Kujilazimisha hata mtu akajidhuru si katika ucha Mungu.

Nne: Wudhuu na Swalaah. Al-Mughiyrah bin Shu'bah (Radhwiya Allaahu 'anhu) alimmiminia Mtume maji akatawadha, basi hapana aibu kwa mama kumwagiwa maji na mwanawe, wala kutumia maji ya vuguvugu. Katika Hadiyth hiyo hiyo mna kupangusa juu ya khofu, nayo ni rukhsa ya kumfaa ambaye kuvua na kuosha miguu ni mateso kwake kila Swalaah. 'Imraan bin Huswayn (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipolalamika maradhi, Mtume alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu, kama ilivyo katika Swahiyh al-Bukhaariy. Mwenye kukakamaa asubuhi aamke mapema kabla ya Alfajiri, anyooshe viungo taratibu, na akiswali juu ya kiti ujira wake haupungui In Shaa Allaah.

Tano: Uzazi. Methotrekseti hudhuru mtoto tumboni na huweza kuharibu mimba. Mke anayeitumia azuie mimba kwa njia ya muda wanayoafikiana na mumewe na daktari. Baraza la Fiqhi lilikwisha kuruhusu hili kwa haja na kwa ridhaa ya wanandoa katika kikao cha Kuwait mwaka 1988. Wakitaka mtoto, wamwambie daktari miezi kadhaa kabla, kwani wengi hutaka methotrekseti iwe imeachwa miezi 3. Wakati huo hubadilishiwa dawa zinazofaa katika mimba, kama haidroksiklorokwini au salfasalazini. Mimba ikiingia bila kupangwa, asimamishe methotrekseti na aende kwa daktari siku hiyo hiyo, wala asichukue hatua nyengine yoyote kwa khofu. Mume ajue kuwa hii ni dhamana yake pia, wala asimwachie mkewe peke yake aone haya kuuliza.

Sita: Safari ya Hijja na 'Umrah. Chanjo ya homa ya manjano ni chanjo yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa kawaida haifai kwa aliyetulizwa kinga. Mwambie mchanjaji dawa unazotumia kabla ya sindano, ili upewe ushauri na cheti kinachostahiki.

NASAHA KWA JAMAA

Turudi kwa mama wa mfano wetu. Mwanawe angefanya nini? Asingesema "meza dawa" kisha akaenda dukani. Angekaa naye usiku wa Alkhamisi baada ya 'Ishaa, akamfungulia pakiti ambayo vidole vyake haviwezi kuifungua, akamuuliza kwa upole: "Mama, wiki hii dawa ilikufanyaje?" Swali hilo moja lingefichua vidonda vya mdomoni wiki ya tatu, na kidonge cha foliki kingeletwa wiki ya nne. Na dada wa Wete, badala ya kutuma shauri la kuacha, angemwombea du'aa na kumhimiza amwambie daktari.

Mgonjwa naye asione kulalamika kwa daktari kuwa ni upungufu wa subira. Nabii Ya'quwb ('Alayhis-salaam) alimshitakia Allaah huzuni yake, naye ni katika waliosubiri. Subira ni kuendelea na tiba huku ukisema linalokudhuru.

Tunamwomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Mwenye kuondosha shida, Awaponye wagonjwa wetu wa visiwani na wa bara, Awape wanaowauguza ujira mwema, na Ajaalie maradhi yao kuwa kafara ya madhambi yao. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.